Injili ileile, somo la kwanza tofauti

Umeuliza kwa nini, ulipofungua kitabu cha masomo ya Misa ya Kanisa Katoliki, Injili ya Jumatano ilikuwa ileile ya kanisani lakini somo la kwanza likawa jingine. Ulifungua Mwaka usio wake, kwa maana masomo ya siku za juma yamepangwa kwa Mwaka I na Mwaka II. Katika Kipindi cha Kawaida (siku zilizo nje ya Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka), Injili ya siku za juma haibadiliki mwaka hadi mwaka. Somo la kwanza na wimbo wa katikati (zaburi inayofuata somo hilo) ndivyo hupishana. Mwaka witiri ni Mwaka I, shufwa ni Mwaka II, kwa hiyo 2026 soma Mwaka II. Kumbuka tu kwamba mwaka wa Kanisa huanza Dominika ya kwanza ya Majilio (majuma ya kujiandaa kwa Noeli), si Januari. Miaka A, B na C usiitafute Jumatano, hiyo ni mizunguko ya masomo ya Dominika na baadhi ya sherehe. Majilio, Noeli, Kwaresima na Pasaka hazina mpishano huu wa I na II.