Benki imenipa ofa leta, nimlipe muuzaji?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu hapa Nakuru, mzee wangu, yaani mume, ana hadwea Free Area. Tumepata nyumba ya bedirumu mbili Naka, bei ni milioni 5, na benki imenipa ofa leta ya mogeji ya milioni 4. Sasa muuzaji anasema kuna mteja mwingine yuko na keshi, anataka tumwekee ile milioni yetu moja kwa akaunti yake wiki hii. Nimlipe? Na hizo za benki zinatoka lini?

JIBU: Usimlipe, mwalimu, tafadhali. Ofa leta sio pesa, ni benki inakwambia tuko tayari kukukopesha haya yote yakitimia, valua, yule wa kukadiria bei, aende aone nyumba, taito (hati ya umiliki) ikuwe safi, bima ilipwe, mzee naye aseme kwa maandishi kwamba amekubali nyumba ya familia iwekwe rehani. Moja ikikwama hapo hakuna mkopo na milioni yako iko kwa mtu.

Kwanza itisha kopi ya taito ufanye sachi, yaani uangalie rekodi ya ploti kwa ofisi ya ardhi, na hiyo sachi uisome mwenyewe usiachie loya peke yake. Ina sehemu tatu. A ni ploti yenyewe, ukubwa na kama ni frihodi (yako moja kwa moja) ama lizi (ya miaka fulani). B ni jina la mwenyewe. C ndio kuna mambo, hapo utaona kama ploti iko na deni la benki ingine ama kuna mtu ameweka zuio. Mimi nikinunua ploti yangu niliona jina la muuzaji kwa B nikafurahi nikampa dipoziti mkononi, C nikaja kuisoma wiki mbili baadaye, kumbe jamaa ana mkopo hajamaliza. Alinirudishia elfu ishirini ishirini, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma, ndio maana nakuandikia hivi kwa nguvu.

Sachi ikiwa safi, maloya waandike agrimenti. Kawaida dipoziti ni asilimia 10, kwako ni laki tano sio milioni, na inakaa kwa loya mpaka mambo yaishe. Agrimenti nyingi zinapatia watu siku 90 za kumaliza kila kitu. Pesa ya benki inatoka mwisho kabisa: loya wa benki anamwandikia loya wa muuzaji kuahidi kwamba atalipwa, taito inabadilishwa ikuwe kwa jina lako, benki inaandikwa hapo kwa C, ndio sasa muuzaji anapata chake. Mweleze muuzaji hivyo mapema ndio asikusumbue kila asubuhi. Taito itabaki benki mpaka umalize.

Kitu ingine inashika watu wengi ni stempu diuti, ile kodi ya serikali unalipa nyumba ikihamishwa kwa jina lako. Mjini ni asilimia 4 ya thamani, hapo kwako kama laki mbili, na mara nyingi hizo haziko ndani ya mkopo, unatoa mfukoni, bado loya, bado valua. Kama hiyo milioni moja ndio yote mko nayo basi hamjatosha, afadhali mjue saa hii.

Halafu riba. Milioni 4 kwa miaka 20 ikiwa asilimia 15 unalipa kama 52,700 kwa mwezi, ikiwa 9 ni kama 36,000. Tofauti ya karibu elfu kumi na saba kila mwezi, hiyo ni skuli fizi! Kwa hivyo kabla usaini uliza sako yako kama inapata pesa za KMRC, ile kampuni inakopesha mabenki na masako ndio watu wapate mogeji ya riba ya chini. Angalia pia peslipu, sheria inataka ubaki na angalau theluthi moja ya mshahara, so kama uko na loni ingine ya sako huenda ukakwama hapo. Ukishaanza kulipa peleka barua ya riba kwa mwajiri, kuna afueni ya kodi, riba ya hadi 30,000 kwa mwezi inatolewa kwa mshahara kabla ukatwe PAYE.

Huyo mteja wa keshi kama yuko kweli, aende anunue. Wewe leo itisha hiyo kopi ya taito, na akikataa kuitoa, hapo umeshapata jibu lako.