Dodoma hadi Udzungwa na familia, kulala msituni

Mkuu, umeuliza kama inafaa utoke hapa Dodoma na shemeji na watoto mkalale kwenye banda la kawaida kando ya msitu wa Udzungwa, au bora uvute subira hela ifike ya Serengeti. Mimi nipo huku huku Dodoma, na Udzungwa nimeshalala mara kadhaa. Nenda, ila ujue unafuata nini.

Simba usiwaahidi watoto. Udzungwa imekuwa hifadhi ya taifa tangu 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na huko ndani hakuna safari za gari, ni miguu tu. Hao twiga na swala mnaweza kuwaona bure mkiwa kwenye basi, maana barabara inakatiza Hifadhi ya Mikumi. Msituni mnafuata viumbe ambao hawapatikani kwingine duniani. Ngolaga, kima wa Sanje, wanasayansi walimjua 1979 tu, ilhali wenyeji walikuwa wanapishana naye siku zote. Sange mwenye uso wa kijivu, mdogo kuliko paka, pua ndefu, alitangazwa 2008. Juzi tu!

Mbega wekundu ndio watakaowakosha watoto. Utasikia kwanza majani yanachakachika juu na vikonyo vya matunda vinadondoka njiani. Mwongoza watalii anasimama, ananyoosha kidole, nanyi hamwoni kitu. Mara mmoja anaruka mti hadi mti, mikono ameitanua, utosi una rangi ya kutu, tawi linainama mpaka unadhani limekatika. Nyuma yake wanafuata wengine, na mama mwenye mtoto kifuani anaruka vile vile. Hapo hata mtu mzima anasahau kutoa simu.

Usiku waandae watoto kwa perere. Ni mnyama wa ukubwa wa sungura hivi, lakini kilio chake kinaanza kama mlango mbovu kisha kinapanda mpaka kuwa mayowe. Ukiwaeleza mapema watamsubiri kwa hamu. Usipowaeleza, wote mtalala kitanda kimoja.

Kuhusu banda lenyewe: kitanda, neti, taa ya sola, na maji ya moto yanayochemshwa kwa kuni ukiwaambia mapema. Pengine choo kiko nje. Usiongeze hela kutafuta chumba kizuri zaidi, hiyo hela mlipe mwongozaji mzuri, kwa sababu bila yeye mtaona miti tu. Neti ndiyo uikague kabla hujalipa, uitandaze kabisa utafute matundu. Bonde la Kilombero lina malaria kweli kweli, na hapo sina mzaha. Chakula hakina shida, wali wa Kilombero unajulikana.

Kitu kitakachowasumbua watu wa Dodoma ni unyevu. Huku tunafua asubuhi, saa sita tunavaa. Kule nguo inashinda kwenye kamba na bado ni mbichi. Upepo wa Bahari ya Hindi ukigonga ile milima unamwaga mvua upande wa mashariki, sisi tulio nyuma tunaambulia mabaki. Beba nguo kavu za kulalia kwenye mfuko wa nailoni, soksi ndefu za kuchomekea suruali kwa ajili ya siafu na kupe, na viatu vyenye meno. Nendeni kati ya Juni na Oktoba. Machi hadi Mei njia zinateleza sana.

Usafiri: treni ya SGR mpaka Morogoro, bajaji mpaka stendi ya mabasi ya Msamvu, halafu basi la Ifakara, mnashuka Mang'ula yalipo makao makuu ya hifadhi. Msiende na kurudi fasta, laleni angalau usiku mbili, maana mbega mnaweza kuwakosa siku ya kwanza.

Kwa watoto anzeni na maporomoko ya Prince Bernhard, njia yake ni kama kilomita moja. Sanje, yenye maporomoko ya mita 170, ni ya siku ya pili, mwondoke asubuhi na mapema kabla joto halijapanda. Ile njia ya Mwanihana ya kilomita 38 iacheni kwanza, ni ya siku tatu. Hukutaja umri wa watoto. Kama kuna wa kubebwa mgongoni, Sanje aende mzazi mmoja na wakubwa, mwingine abaki na mdogo.