Kabla hujafunga injini ya jeti kwenye ndege ya propela

Vijana wangu, kila kundi jipya linaloingia kazi ya kujaribu injini angani huja na makosa yaleyale, na inauma kuyaona. Basi turudi Hucknall, Uingereza, Agosti 1946. Ndege ya abiria Lancastrian VH742 ilirushwa ikiwa na injini mbili za jeti aina ya Nene nafasi za nje za mabawa, na injini mbili za propela aina ya Merlin zimebaki nafasi za ndani. Mpangilio ule ni darasa tosha.

1. Mafuta. Merlin hunywa petroli, Nene hunywa mafuta ya taa, na ndege ni moja. Hapa tukae, maana hapa ndipo watu wa kazi hii tunapoumizana. Mafuta ya taa yakiingia tenki la petroli, Merlin haikatai kuwaka. Kwenye mabomba bado mna petroli safi, kwa hiyo inawaka, inapata joto, inapimwa, inapasishwa. Rubani anafungua nguvu zote ili apae, mchanganyiko unafika kwenye silinda, unalipuka kwa mshindo badala ya kuungua kwa mpangilio, na pistoni zinatoboka. Magurudumu yameshaacha ardhi. Na anayefanya hivi si lazima awe mzembe. Ni fundi mzuri, jioni, gari la mafuta limesimama karibu na bawa lisilo lake, na mwenzake amesaini bila kupanda ngazi. Usitegemee kuona tabaka mbili kama unavyoona maji chini ya petroli. Haya mawili huchanganyika kabisa. Kila tenki likishajazwa, fungua koki ya chini, chota kwenye chupa safi, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli hukauka ikapotea. Mafuta ya taa huacha duara la mafuta. Ukiliona duara hilo, mwaga tenki lote na usafishe mabomba. Usipunguze, usiongezee petroli juu yake.

2. Wenzo wa nguvu wa jeti usukume polepole: mafuta yakiitangulia hewa, joto la bomba la moto, lile la nyuma ya injini, hupaa na mapanga ya turbini huungua.

3. Jeti ikizima juu, funga koki ya mafuta, iache izungushwe na upepo ikauke, shuka, punguza mwendo, ndipo uwashe, jicho kwenye geji ya joto.

4. Lancastrian hukalia gurudumu la mkia, kwa hiyo pua iko juu na moto wa jeti unaelekea chini kwenye lami. Jaribu injini juu ya saruji.

5. Namba. Tarehe 25 Julai 1948 ndege ya abiria Viking iliyofungwa Nene mbili, bila propela hata moja, ilitoka London hadi Paris kwa dakika 34 na sekunde 7. Ni safari nzuri mno, nami naipenda, lakini jamani, msiiandike kwenye ripoti kama kipimo cha injini. Mwendo wa ndege ya majaribio huamuliwa pia na mwili wake, na mwili ule ulichorwa kwa ajili ya propela. Mnachotafuta ni mizunguko kwa dakika, joto la bomba na mafuta yanayotumika, kwa kila kimo. Ukifika kimo, usiandike chochote mpaka sindano ya joto itulie, kisha soma zote tatu kwa pamoja.