Mgeni wodini: wenzangu hawanipi ripoti, usiku wanalala. Nifanyeje?

Swali: Shikamoo sista. Mimi ni afisa muuguzi, nina miezi minne tangu niajiriwe, niko wodi ya wazazi katika hospitali ya wilaya. Wenzangu wa zamu ya jioni huondoka kabla hatujapokezana wagonjwa. Nikifika nakuta daftari la ripoti lina mistari miwili. Usiku tunapangwa wauguzi wawili na mhudumu mmoja, lakini dada ninayepangwa naye hulala kuanzia saa 6 mpaka alfajiri. Mhudumu wa afya ni mama mtu mzima, nikimwagiza kitu ananiangalia tu. Nikiuliza naambiwa, "Wewe si ndiye msomi? Fanya." Inchaji, yaani muuguzi kiongozi wa wodi, kaniambia nivumilie, ndivyo kazi ilivyo. Bado sijathibitishwa kazini. Nimwandikie barua katibu wa afya, au niombe kuhamishwa wodi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Barua iweke pembeni kwanza, tutaifikia.

Nianze kwa kukiri kwamba mimi niliwahi kuwa huyo dada. Nilianza kazi na cheti, stashahada nikaisomea nikiwa na watoto wawili nyumbani. Wodini kwetu alipoletwa binti mwenye digrii, maneno ya "wewe si msomi" yalinitoka mdomoni kabla hata sijajua jina lake vizuri. Sijisifu. Nakueleza ili ujue yanatoka wapi. Tulikuwa wachache, mgeni anakwenda polepole, unamfundisha miezi sita halafu anahama au anarudi chuoni, na akirudi anakuwa bosi wako. Tukachoka kufundisha. Haikumhusu yeye binafsi, ingawa aliyeumia ni yeye. Nawe pia, unayofanyiwa sehemu kubwa angefanyiwa yeyote ambaye angeletwa hapo mwezi ule.

Sasa turudi kwenye malalamiko yako. Umeyachanganya, na mimi nayatenga mafungu mawili. Maneno ya kejeli na mama anayekuangalia tu yanakuumiza wewe. Ripoti isiyotolewa na mwenzako anayelala vinaweza kumuua mgonjwa. Fungu la kwanza unaweza kwenda nalo taratibu hata mwaka mzima. La pili halisubiri, linaanza zamu yako ijayo.

Chukua mama mwenye kifafa cha mimba aliyeko kwenye magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege. Ameshapewa dozi ya kuanzia, sasa anachomwa gramu 5 kwenye msuli wa tako kila baada ya saa 4. Alichomwa saa 10 jioni, dozi inayofuata ni saa 2 usiku. Saa 2 usiku ndiyo saa ya kupokezana. Anayetoka anasema huyu anayeingia atachoma. Anayeingia anadhani imeshachomwa. Au kinyume chake, ambacho ni kibaya zaidi: imechomwa, haikuandikwa, na wewe kwa bidii zako unachoma ya pili.

Mimi lilinikuta nikiwa mgeni kama wewe, hospitali sitaitaja. Mwenzangu wa jioni, mkoba begani, aliniambia mlangoni, "Kitanda cha 6 tayari." Tayari nini? Chati ilikuwa tupu kwenye mstari wa saa 2. Nikampigia simu, hakupokea. Nikaenda kwa mgonjwa mwenyewe na kufanya yale matatu tunayofanya kabla ya kila dozi: nikahesabu pumzi dakika nzima (zisipungue 16), nikagonga goti kuona kama mguu unaruka, nikaangalia mfuko wa mkojo, maana dawa hii hutoka mwilini kwa mkojo. Mfuko ulikuwa na mililita 40 tangu saa 10. Kwa saa 4 nilitakiwa kukuta angalau 120. Sikuchoma, nikamwita daktari, nikasogeza kalsiamu glukoneti, dawa ya kuzimua magnesiamu ikizidi, karibu na kitanda. Asubuhi ikajulikana kwamba dozi ilikuwa imeshachomwa.

Hapo nilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuja jioni yake, nilipompandishia yule dada mbele ya wagonjwa na wahudumu. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakikunisaidia kitu. Nilichuniwa wodi nzima karibu miezi mitatu. Ripoti nikawa naipata kwa kichwa: "Wapo kumi na nne, wote wazima."

Kwa hiyo zamu yako ijayo fika robo saa mapema. Usikae mezani kusubiri ripoti, mfuate mwenzako alipo umwambie: "Dada, naomba unipitishe kwa hawa wawili tu, wa magnesiamu na wa damu, wengine nitasoma mwenyewe." Mtu mwenye haraka ya kuwahi daladala hatakataa vitanda viwili kama anavyokataa kumi na nne. Mkifika kitandani, shika chati na uulize ya mwisho imechomwa saa ngapi, tako lipi, nani alisaini. Kama hajasaini, mpe kalamu palepale, bila hotuba. Akiondoka bila kukupitisha, wapime mwenyewe na uandike hali uliyowakuta nayo pamoja na saa.

Uandikaji nao una adabu yake. Faili la mgonjwa si mahali pa kushtakiana. Usiandike "zamu ya jioni wazembe hawakutoa dawa." Andika: "Saa 2:20 usiku. Dozi ya saa 2 haijasainiwa kwenye chati. Pumzi 18, goti linaruka, mkojo mililita 130 kwa saa 4. Daktari wa zamu amejulishwa saa 2:25." Atakayesoma, awe matroni (mkuu wa wauguzi wa hospitali) au mwanasheria, ataona pengo lilipo bila wewe kumtaja mtu.

Kuhusu kulala, tusidanganyane, wauguzi wengi wa zamu za usiku hupeana nafasi ya kujinyoosha. Kinachoniogopesha kwako ni kwamba hakuna mliyokubaliana: yeye analala, wewe unazunguka peke yako na hasira. Mwambie saa 3 usiku, kabla macho hayajawa mazito: "Dada, mimi naomba nishike mpaka saa 8, wewe ushike kuanzia hapo. Nitakuamsha nikiona damu nyingi, presha 160 kwa 110 au zaidi, mapigo ya mtoto chini ya 110 au juu ya 160, au mama akidegedeka." Ukishamtajia hivyo mapema, kumwamsha si usumbufu tena, ni ahadi. Ukimwamsha mara mbili hajaamka, mpigie supavaiza wa usiku, umwombe mtu wa kukusaidia na kitanda namba fulani. Omba msaada wa mgonjwa. Habari za aliyelala supavaiza atazikuta mwenyewe akifika. Na tafadhali, usimpige picha akiwa amelala ukaitupa kwenye grupu la WhatsApp la wodi. Nimeona jambo hilo likimgeuka mpigaji, maana nyuma ya aliyelala kulikuwa na mgonjwa aliyejifunua.

Mama mhudumu huyo, je, umemwamkia? Nauliza kwa sababu vijana wengi mnaingia zamu mkiwa na haraka, mnaanza na "leta shuka." Yeye ana umri wa mama yako. Muite kwa jina la mwanawe kama wenzake wanavyomwita, mwamkie, halafu omba jambo moja, lenye mahali na saa: "Mama Zawadi, naomba tubadilishe shuka kitanda cha 3 kabla daktari hajapita." Sema "tubadilishe," ushike ncha moja ya shuka mara ya kwanza. Lakini hata akiwa mchapakazi wa kupindukia, usimwachie kuchoma sindano wala kugawa dawa. Kuna wodi zimezoea hivyo, na kukitokea tatizo ni leseni yako itakayoulizwa.

Na kejeli? Mwaka 2004 muuguzi mtafiti wa Marekani, Martha Griffin, alichapisha kazi aliyoifanya na wauguzi wapya 26 wa hospitali moja ya Boston. Aliwafundisha majibu mafupi ya kumjibu mwenzao anayewabeza, wakayafanyia mazoezi, wakapewa vikadi vya kutembea navyo. Majibu yenyewe ya Kimarekani kwetu yatasikika makavu, ila mbinu ni nzuri, kwa kuwa mtu akibezwa ghafla hunyamaza au hulipuka, na yote mawili hujutia. Tunga lako, liseme kwa sauti ukiwa nyumbani. Mimi ningejibiwa hivi ningeishiwa nguvu: "Dada, darasani nimesoma, lakini mkono mzoefu ni wako. Nionyeshe leo, kesho niache nifanye mwenyewe." Na kama ni kutegea tu anategea, gawa kazi kabla hajakubeza: "Mimi nachukua kitanda cha 1 mpaka 7, wewe 8 mpaka 14."

Inchaji mrudie, maana mara ya kwanza nadhani ulikwenda na kilio. Kilio hujibiwa "vumilia." Nenda faragha, akiwa ametulia, na tarehe tatu pamoja na jambo moja la kuomba: ripoti itolewe kitandani na isainiwe na anayetoka na anayeingia. Yeye ndiye anayepanga rosta, kwa hiyo muombe pia akupange na mtu mwingine kwa wiki mbili. Kuomba kupokezana wagonjwa si kosa la kinidhamu, hata kama hujathibitishwa. Akikataa, mwambie kwa heshima kwamba unaomba kuonana na matroni, uende akijua. Kama ni mwanachama wa TUGHE, chama cha wafanyakazi wa serikali na afya, mwakilishi wa tawi anaweza kukaa nawe kwenye kikao hicho.

Ndiyo maana barua nilisema iwe pembeni. Barua ya kiserikali kwenda kwa katibu wa afya hupitia kwa wakuu wako, na msomaji wake wa kwanza atakuwa huyohuyo inchaji. Ukiirusha juu bila kupitia kwake, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama inchaji na matroni walijua. Isipokuwa mambo mengine hayana ngazi: mwenzako akimpiga mgonjwa, akiiba dawa, akikushika bila ridhaa yako, nenda kwa matroni au Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, siku hiyohiyo. Akidai rushwa, TAKUKURU wanapatikana kwa namba 113 bila malipo. Baraza la Uuguzi na Ukunga nalo lina mamlaka juu ya mwenendo wa kitaaluma, lakini usilipelekee ugomvi wa ripoti ambao matroni anaweza kuumaliza kwa kikao cha nusu saa.

Kuhama wodi omba baada ya mwaka ukitaka, hata kwa sababu ya kujifunza tu. Ukihama sasa utaifikia wodi ya upasuaji na sifa ya "yule aliyeshindwa kule wazazi," nao watakupokea kama walivyokupokea hawa.

Tafuta daftari dogo la mfukoni, uandike tarehe, saa, kilichotokea na ulichofanya. Majina ya wagonjwa usiandike, weka namba ya kitanda tu. Madaftari hayo husahaulika kwenye daladala.