Kama umekimbilia biolojia ili kukwepa hesabu

Kila mwaka, wadogo zetu hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, wakishapata diploma ya serikali, huanza kuniuliza kuhusu biolojia. Wengi wana sababu mbili: wanapenda wanyama, na hawapendi hesabu. Ya kwanza sina neno nayo. Ya pili itakutesa tangu mwaka wa kwanza, na ukielekea kwenye uhifadhi ndiyo usiseme.

Chukua gorila wa Grauer, hawa wa hifadhi yetu ya Kahuzi-Biega tunaojivunia. Hakuna anayewapanga foleni ili awahesabu. Kila jioni gorila aliyekwisha kuachishwa ziwa hujitandikia kitanda kipya cha majani na matawi. Anayenyonya hulala na mamake. Watafiti huvifuata vitanda hivyo na kuvihesabu, hupima mavi yaliyoachwa humo ili wakisie umri wa aliyelala, na hutafuta nywele nyeupe za dume mzima. Hiyo ndiyo sehemu tamu. Baadaye unakaa mezani na swali gumu: msitu ni mkubwa, wewe umepita sehemu ndogo tu, utasemaje kuhusu kule usikofika?

Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba gorila wote wa Grauer waliobaki ni 3,800 hivi, kutoka 16,900 miaka ya 1990. Mwaka 2021 makadirio yakawa 6,800. Sasa, jike huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kama minne; wasingeweza kuongezeka hivyo kwa muda mfupi namna ile. Kilichoongezeka ni maeneo yaliyochunguzwa, na uchambuzi ukafanywa upya. Mwanafunzi aliyesinzia kwenye somo la takwimu ataandika kwa furaha kwamba gorila wamezaana.

Kwa hiyo takwimu usiisome kwa ajili ya kupita mtihani tu. Programu ya R, ya kuchambulia takwimu, ni ya bure na hata kompyuta ya zamani inaiweza. Jifunze na wenzako wawili watatu siku umeme upo.

Halafu kuna mada ya TFC, ile kazi ya utafiti ya kumalizia masomo. Kila mtu anataka gorila. Mdogo wangu, kuingia hifadhini kunataka vibali, gari, walinzi, na usalama ambao hauko mikononi mwako. Shuka ziwani. Sambaza, samaki wadogo tunaowanunua soko la Kadutu, hawakuwa wa Ziwa Kivu: waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya ziwa hapakuwa na samaki wa kula planktoni, yaani viumbe vidogo sana vinavyoelea majini. Wamelisha watu, hilo halina ubishi. Lakini kuna kidudu cha majini, Daphnia curvirostris, ambacho kilitoweka ziwani baada ya wao kuja. Tuwaite neema au waharibifu? Mimi bado nabishana na wenzangu. Wavuvi wakirudi alfajiri na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja, unaweza kununua bakuli moja, ukapima kila samaki kwa rula ya shule, ukaandika urefu na uzito, kisha ukawakaanga. Hakuna gorila atakayekupa data kwa bei hiyo.

Ukipenda mimea, fika Lwiro, njia ya Katana. Kituo kile cha utafiti kilianzishwa enzi za Wabelgiji, na kina hebaria, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, ambamo utalinganisha majani yako na yaliyokaushwa kabla hujazaliwa. Kiingereza nacho anza mapema, maana makala nyingi za uhifadhi hazina toleo la Kifaransa.

Kitu ambacho sillabasi nyingi hukipita mbio ni watu. Kahuzi-Biega ilianzishwa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975, na Watwa, wenyeji wa msitu ule, wakatolewa kwenye msitu wao. Ukifika kijijini na daftari lako, usishangae kuulizwa umetumwa na nani. Salimia wazee, kaa, eleza unachotafuta na matokeo utayarudisha vipi. Mzee mmoja anaweza kukutajia miti ambayo ungehangaika nayo vitabuni mwezi mzima.

Na nunua penseli. Biki haiandiki kwenye karatasi yenye unyevu, na kule mlimani karatasi huwa na unyevu karibu siku zote. Andika tarehe, saa, mahali na hali ya hewa palepale, usingoje kufika nyumbani.