Ukifika Chambord, Anzia Juu ya Paa

Wengi wanaokwenda kuona makasri ya wafalme wa Ufaransa huishia Versailles, nami sina ugomvi nao. Lakini ukiniuliza, nitakuelekeza Chambord, karibu na mto Loire, kasri ambalo Mfalme François wa Kwanza alianza kulijenga mwaka 1519 kwa ajili ya shughuli za uwindaji. Panda treni kutoka Paris hadi Blois, kisha umalizie kwa basi au teksi. Ukichagua basi, jua kwanza saa ya basi la kurudi, maana nje ya msimu wa watalii mabasi huadimika.

Usianze na vyumba. Katikati ya jengo kuna ngazi mbili zinazozunguka kiini kimoja kilicho wazi ndani, zikipanda pamoja bila kukutana. Mwenzako ashike moja nawe ushike ya pili: mtachunguliana kupitia vidirisha vya katikati, yeye akipanda nawe ukishuka, na hamtapishana hata mara moja. Husemwa kwamba wazo hilo ni la Leonardo da Vinci, aliyefariki Amboise mwaka huohuo wa 1519, ingawa hakuna hati inayolithibitisha.

Ngazi hizo zitakufikisha kwenye paa, kati ya minara na dohani zilizochongwa kwa ufundi mkubwa, na hapo ndipo bustani zinapoeleweka. Ukiwa chini unaona nyasi, changarawe na miti iliyopangwa mistari. Ukiwa juu unauona mchoro mzima, kama mkeka uliotandikwa mbele ya kasri. Bustani hizo ni za karne ya 18; zilikwisha kupotea, zikarejeshwa mwaka 2017.

Vyumba vingi vitakuonekania vitupu, na usidhani umepunjwa. Wafalme wa zama zile walihama na samani zao, na François mwenyewe alikaa hapo siku zipatazo 70 tu katika utawala wake wa miaka 32. Ghorofa ya pili, inua macho uone herufi F na salamanda, mnyama mfano wa mjusi aliyekuwa nembo yake, zilivyochongwa darini. Vaa koti zito: sehemu za kuotea moto ni zaidi ya 280, lakini mawe yale hayana huruma.

Kama tarehe ni zako kuchagua, nenda mwishoni mwa Septemba, wakati kulungu dume wanapounguruma alfajiri na jioni katika msitu uliozungushiwa ukuta wa kilomita 32, na ubebe darubini.