Kibao cha Kituo Kiandikwe Nini?

Swali: Mhariri, hapa Malindi mgeni husimama kituoni asijue kama matatu inayokuja itaingia Watamu au itaendelea moja kwa moja hadi Mombasa. Kibao kiandikwe nini? – Msomaji, Malindi

Jibu: Ndugu msomaji, jina la kituo pekee halitoshi, kwani abiria anahitaji zaidi kujua gari linaelekea na kupitia wapi, hivyo kibao kiandikwe "Gede – Kilifi – Mombasa", na chini yake, kwa herufi nene zinazosomeka kwa mbali, "Watamu: gari hukata kushoto Gede". Jijini London, vituo vilivyokaribiana hutofautishwa kwa herufi juu ya nguzo, utaratibu mzuri sana kwa asiyeujua mji. Nauli, kwa kuwa hupandishwa nyakati za sikukuu, ibandikwe kwenye karatasi inayobadilishika.